Ripoti safi, hifadhidata inachimba sarafu: kisa cha imeji za kontena mjini Lamu

Kisa hiki kinahusu ofisi ndogo ya mtaa wa Langoni, Amu, inayoendesha mfumo wa kuhifadhi vyumba vya wageni vya Amu na Shela pamoja na nafasi za boti za kutoka Mokowe na Manda. Jina lake tunaliacha. Mfumo unakaa kwenye seva moja ya kukodi iliyoko ng'ambo, yenye kori 4 na memori ya GB 8, na ndani yake mna makontena matatu (programu zilizotenganishwa, kila moja ikiwashwa kutoka kwenye imeji, yaani kifurushi cha faili zake zote) yanayoendeshwa kwa zana ya Docker Compose: programu ya wavuti ya Django, hifadhidata ya PostgreSQL 13, na nginx, inayopokea maombi ya wavuti, mbele yao. Wageni hulipa kwa M-Pesa. Wa kutoka nje ya nchi hupakia nakala ya pasipoti kabla hawajafika. Funguo za malipo na pasipoti za watu: kwa vitu viwili hivyo tu, imeji za mfumo huu zilistahili kutunzwa kuliko zilivyotunzwa.

Katikati ya Agosti 2025, wiki chache kabla ya Maulidi, simu za kuulizia vyumba zikiwa zimeanza kumiminika, mwenye nyumba mmoja wa Shela alimwandikia fundi wa ofisi: "Mwanangu, mgeni wangu ashuka Manda sasa hivi, na ukurasa wa kulipia wazunguka tu tangu asubuhi." Akajibiwa: "Shikamoo bibi. Nipe dakika kumi nitazame."

Fundi aliingia kwenye seva, akaandika `top`, amri inayoorodhesha michakato inayoendelea, na mstari wa juu kabisa ulikuwa wa mchakato uitwao kdevtmpfsi, uliokuwa ukila asilimia 390 ya prosesa, yaani karibu kori zote nne. Jina hilo ni la hila. Linux ina uzi halali wa kerneli, kiini cha mfumo, uitwao kdevtmpfs, na jicho lililochoka haliioni ile "i" ya mwisho. Huyu ni mchimbaji wa sarafu za kidijitali, hutembea na mwenzake aitwaye kinsing, na hupenda sana hifadhidata na Docker zilizoachwa wazi. `docker top` kwa kila kontena ilionyesha kwamba yumo ndani ya kontena la hifadhidata.

Kabla ya kugusa chochote

Katika hali kama hii mkono hukimbilia `docker compose down`, kisha `up`. Mashine itapoa kwa muda, lakini `down` huliondoa kontena pamoja na tabaka lake la juu, lile la kuandikika, na tabaka hilo ndilo lenye nyayo za aliyeingia. Ukilifuta hutajua alipitia wapi, na baada ya saa chache atarudi kwa njia ileile.

Fundi alifuata mpangilio huu, na ndio ulio sahihi. Kwanza `docker network disconnect`, ili kontena likatike na dunia. Pili `docker pause`, inayogandisha michakato yote bila kuiua. Tatu `docker diff`, inayoorodhesha kila faili iliyoongezwa au kubadilishwa juu ya imeji ya awali. Orodha ilikuwa fupi na wazi: `A /tmp/kinsing`, `A /tmp/kdevtmpfsi`, na vijifaili vingine viwili. Nne, `docker logs`, yaani kumbukumbu za kontena, ilimwagwa kwenye faili na kunakiliwa nje ya seva.

Kumbukumbu hizo zilieleza karibu kisa chote. Kulikuwa na makosa ya aina hii: amri ya `COPY ... FROM PROGRAM` imeshindwa, na chini yake maelezo `command not found`. `COPY FROM PROGRAM` ni uwezo halali wa PostgreSQL, upo tangu toleo la 9.3: mtumiaji mwenye mamlaka makuu anaweza kuiambia hifadhidata iendeshe amri ya shelli na kusoma matokeo yake kama jedwali. `command not found` maana yake amri haikupatikana. Mvamizi alijaribu kushusha mzigo wake kwa curl, zana ya kushusha faili, na imeji rasmi ya postgres haina curl. Dakika chache baadaye akaja na hati nyingine iliyotumia bash yenyewe, shelli iliyomo kwenye imeji, kupitia `/dev/tcp`, njia yake ya kufungua muunganisho, na safari hiyo hapakuwa na kosa lililoandikwa. Tunalitaja hili kwa sababu kuna imani kwamba imeji iliyopunguzwa vitu ni imeji salama. Upungufu ule ulimchelewesha mtu kwa dakika chache. Unafaa, ila si kufuli.

Jambo la pili kwenye kumbukumbu lilikuwa zito zaidi. Kwa miezi mingi mitambo ya kubahatisha ilikuwa imejaribu kuingia kwa jina la `postgres` na kukataliwa, mistari kwa maelfu. Lakini mtumiaji halisi wa hifadhidata hii alikuwa na jina jingine, la ofisi yenyewe, na neno lake la siri lilikuwa herufi 20 za nasibu. Kwa jina hilo hapakuwa na jaribio hata moja lililoshindwa. Aliyeingia alikuja na ufunguo mkononi.

Maswali basi yakawa mawili: mlango ulikuwa wapi, na ufunguo ulitoka wapi?

Mlango

Kwenye faili ya Compose, chini ya hifadhidata, kulikuwa na mstari `"5432:5432"`, unaoifungua kwa nje poti 5432, yaani mlango wa mtandao wa hifadhidata. Uliwekwa siku za ujenzi ili fundi aweze kutazama majedwali kutoka kwenye kompyuta yake, ukasahaulika. Seva ilikuwa na ngome ya mtandao, ufw, iliyoagizwa kukataa kila kitu isipokuwa poti 22, 80 na 443. Ukiandika `ufw status` uliona ukuta mzima.

Ukuta huo haukuwa unalinda poti 5432. Docker ikichapisha poti huandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, kichujio cha pakiti cha Linux: pakiti inayoingia hugeuziwa anwani kwenye jedwali la nat kabla haijafika kwenye mnyororo wa INPUT, ule wa pakiti zinazoishia kwenye seva yenyewe, kisha hupitia FORWARD kwenda kwa kontena. Kanuni za ufw zilizowekwa kwa njia ya kawaida hukaa kwenye INPUT. Pakiti haifiki huko kabisa. Hii si hitilafu iliyoingia juzi, ndivyo Docker inavyofanya kazi na nyaraka zake zinasema hivyo. Lakini kila mwaka watu wanaumia kwa sababu ufw inawaambia wamejifunga.

Dawa ni kuufuta mstari wa `ports` kwenye hifadhidata. Makontena yaliyo kwenye mtandao mmoja wa Compose huonana kwa majina, na programu huifikia hifadhidata kwa `db:5432` bila kuchapisha chochote. Fundi akihitaji kuingia, achapishe `127.0.0.1:5432:5432` na apite kwa njia ya SSH: `ssh -L 5432:127.0.0.1:5432`. Kwenye matoleo ya Docker kabla ya 28, hata poti iliyofungwa kwenye 127.0.0.1 iliweza kufikiwa na mashine jirani iliyo kwenye mtandao uleule wa karibu, kwa hiyo toleo la Docker nalo litazamwe. Jaribio lifanywe kutoka nje, si kutoka kwenye seva yenyewe: simu yenye bando, kompyuta juu yake, na `nc -vz` kwenye anwani ya seva, poti 5432. Likijibu "succeeded", bado uko wazi, liwe ufw limesema nini.

Ufunguo

Imeji ya programu ya wavuti ilikuwa ikisukumwa kwenye hifadhi ya umma ya Docker Hub, kwa kuwa akaunti ya bure ilikuwa na nafasi ya imeji moja tu ya faragha na nafasi hiyo ilishachukuliwa. Hoja ya wakati huo ilikuwa kwamba msimbo hauna siri, siri zimo kwenye faili ya mipangilio ya `.env`, na `.env` inafutwa. Dockerfile ya zamani, yaani faili ya maagizo ya kujenga imeji, ilisema:

```
FROM python:3.8-slim-buster
WORKDIR /app
COPY . /app
RUN apt-get update && apt-get upgrade -y
RUN pip install -r requirements.txt
RUN rm -f /app/.env
CMD gunicorn amu.wsgi -b 0.0.0.0:8000
```

Kosa limo kwenye mstari wa sita, na ni kosa la mtu mwangalifu. Imeji ni matabaka yaliyopangwa, na tabaka likishaandikwa halibadiliki. `COPY . /app` liliandika tabaka lenye `.env`. `rm` haikuingia kwenye tabaka lile kufuta. Iliandika tabaka jipya lenye faili tupu yenye jina linaloanza na `.wh.`, ambalo ni agizo la kuificha ile ya chini. Ukiendesha kontena huioni. Ukiifungua imeji unaiona.

Kuithibitisha ni kazi ya dakika tano. `docker save` hutoa imeji kama faili ya tar. Ukiifungua utakuta folda ya `blobs/sha256`, na kila tabaka ni tar ndani yake. Ukipita kwa `tar -tf` kila moja, ukatafuta `.env`, inatokea kwenye tabaka la COPY. Ukiitoa, yote yamo: jina na neno la siri la hifadhidata, funguo mbili za Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa) na passkey ya STK (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja), na SECRET_KEY ya Django. Humo humo mlikuwa na folda ya `.git` nzima, yenye historia ya msimbo, kwa sababu hapakuwa na faili ya `.dockerignore`, inayotaja visivyotakiwa kuingia kwenye imeji. Anwani ya seva? Ilikuwa kwenye mipangilio ya Django, ALLOWED_HOSTS.

Kuna mitambo inayoshusha imeji za umma na kuchambua matabaka yake kutafuta vitu kama hivi. Haihitaji kuijua Lamu.

Kilichofuata kilihitaji mpangilio, na hapa ndipo wengi hukosea: wanaanza kwa kuifuta imeji kule juu. Kuifuta hakurudishi nakala ambazo tayari zimeshushwa. Kwanza ubadilishe siri zote, ndipo ufute. Funguo za Daraja zilibadilishwa siku ileile. Fedha za STK huingia kwenye namba ya ofisi, kwa hiyo wizi wa moja kwa moja ulikuwa mgumu, lakini mwenye funguo hizo angeweza kuwatumia wateja maombi ya malipo kwa jina la ofisi. SECRET_KEY nayo ilibadilishwa; anayeijua anaweza, kwenye baadhi ya mipangilio, kughushi vikao vya walioingia. Kila aliyekuwa ndani ya mfumo alitolewa na kulazimika kuingia upya, na simu zikalia mchana kutwa kutoka Shela. Ni gharama ya haki.

Na pasipoti zilikuwa kwenye voliumu ya seva hiyo, orodha ya wageni na namba zao za simu kwenye hifadhidata. Hapakuwa na ushahidi kwamba zimenakiliwa, ila aliyeweza kuendesha amri kwa mamlaka makuu ya hifadhidata aliweza kusoma kila jedwali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 43, inampa anayekusanya na kutumia data za watu saa 72 tangu ajue, kumjulisha Kamishna wa Data pale penye hatari ya kweli ya madhara, na watu ambao data ni zao nao wajulishwe. Saa hizo huanza kuhesabika siku ya kujua, hazingojei uchunguzi uishe. Taarifa ya kwanza ilipelekwa siku ya pili ikiwa na mapengo, na ikakamilishwa baadaye. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa nini ripoti ilisema safi

Sehemu hii ndiyo tunayotaka msomaji akae nayo. Ofisi hii haikuwa ya wavivu. Kila Jumatatu cron, ratiba ya kazi za seva, iliendesha Trivy, skana ya kutafuta udhaifu unaojulikana, juu ya imeji ya wavuti na kumtumia fundi matokeo. Tangu Julai 2024, imeji ilipojengwa mara ya mwisho, ripoti ilikuwa safi. Wiki baada ya wiki, miezi 13, sifuri.

Amri ilikuwa hii:

`trivy image -q --ignore-unfixed --pkg-types os --severity HIGH,CRITICAL ...`

Kila bendera hapo, yaani chaguo linaloanza na kistari, ina sababu njema. Zikikutana juu ya imeji ya Buster, zinaifumba skana macho.

`--ignore-unfixed` huficha udhaifu ambao bado hauna kiraka. Kwenye mfumo unaotunzwa, hiyo ni busara: unaonyeshwa tu unachoweza kurekebisha. Lakini Debian 10, Buster, ilitoka Julai 2019 na utunzaji wake wa muda mrefu uliisha tarehe 30 Juni 2024. Tangu siku hiyo Debian haitoi viraka vya Buster. Udhaifu mpya unaogunduliwa unabaki bila kiraka kwa Buster milele, na kwa hiyo bendera hii inauficha milele. Imeji ilijengwa Julai 2024 ikiwa na viraka vyote vya mwisho, kwa hiyo hapakuwa na chochote chenye kiraka kilichosalia. Kadiri imeji ilivyozidi kuoza, ripoti ilibaki sifuri ileile. Ukiona imeji isiyojengwa upya kwa mwaka mzima ina ripoti safi, hiyo ni dalili ya ugonjwa.

`-q` huzima maandishi ya mwenendo. Trivy ikikutana na toleo la mfumo lililokwisha muda husema wazi kwamba halitunzwi tena na kwamba utambuzi unaweza kuwa pungufu. Husema hivyo kwenye maandishi ya mwenendo, na `-q` ikayafunga.

`--pkg-types os` iliiagiza ichunguze vifurushi vya Debian tu, iache vya Python, kwa sababu mistari ya Python ilionekana mingi na ya kuchosha. Hapo ndipo palipofichwa udhaifu uliokuwa wa hatari kweli. Kwenye `requirements.txt`, orodha ya maktaba za Python, palikuwa na Pillow 9.5, maktaba ya kuchakata picha. Mwezi Septemba 2023 ulitangazwa udhaifu CVE-2023-4863 (CVE ni namba ya udhaifu kwenye orodha ya umma) kwenye libwebp, maktaba ya picha za WebP: picha ya WebP iliyotengenezwa kwa hila inaweza kuandika nje ya mipaka ya memori. Ulikuwa tayari ukitumiwa na wavamizi ulipotangazwa. Mtu akitafuta libwebp kwa `dpkg -l` ndani ya imeji hii haioni, maana haikuletwa na apt, kisakinishi cha Debian. Faili za Pillow zilizojengwa tayari, zile pip, kisakinishi cha Python, inazoshusha, hubeba nakala yao ya libwebp ndani ya folda `Pillow.libs`. `apt-get upgrade` haiigusi hata ukiiendesha kila siku. Pillow 10.0.1 ndiyo iliyokuja na libwebp iliyotibiwa. psycopg2-binary, maktaba ya kuunganisha Python na PostgreSQL, nayo hufanya hivyo: hubeba libpq na OpenSSL zake. Na programu hii hupokea picha kutoka kwa mtu yeyote, picha za vyumba na za pasipoti. Mlango wa pili ulikuwa wazi, isipokuwa mvamizi huyu hakuuhitaji.

Kilipoondolewa kichujio, imeji ileile ikatoa mamia ya mistari. Hesabu hiyo nayo haifai kutisha wala kuongoza. Mengi yalikuwa kwenye zana ambazo programu haizigusi. Panga kwa kuuliza: je, kitu hiki hupokea data kutoka kwa mgeni? Pillow, ndiyo. Django yenyewe, ndiyo, ilikuwa 3.2, ambayo utunzaji wake uliisha Aprili 2024. OpenSSL ya Debian, kwa kiasi. Perl ya Debian, hapana.

Na imeji ya postgres? Haikuwahi kuskaniwa hata siku moja, kwa hoja kwamba ni rasmi. Ilikuwa imeshushwa 2022 kwa lebo `postgres:13` na haikuvutwa tena. Lebo husogea kule juu. Iliyoko kwenye seva haisogei mpaka uivute.

Kujenga upya

Seva ilitupwa, ikakodiwa mpya. Kontena la postgres huendesha mchakato wake kama mtumiaji 999, si root mwenye mamlaka yote, na hapakuwa na dalili kwamba mvamizi alitoka nje ya kontena. Lakini runc ya seva, programu inayowasha makontena chini ya Docker, ilikuwa chini ya 1.1.12, toleo lililotibu CVE-2024-21626, udhaifu wa Januari 2024 unaoweza kumtoa mtu kwenye kontena hadi kwenye mashine yenyewe. Ukishakuwa na shaka ya namna hiyo, kuusafisha mfumo uliopo ni kujidanganya.

Hifadhidata ilihamishwa kwa `pg_dump` ya hifadhidata moja, si `pg_dumpall`. Sababu: watumiaji wa PostgreSQL ni wa seva nzima na `pg_dump` haiwabebi, kwa hiyo mtumiaji wa siri aliyeongezwa na mvamizi hasafiri. Hata hivyo faili la dump lilisomwa kutafuta vitendaji na vichochezi visivyojulikana kabla ya kurudishwa. Ilirudishwa kwenye `postgres:16-bookworm`. Ukibadilisha lebo kutoka 13 kwenda 16 juu ya voliumu ileile, seva hukataa kuwaka na kusema faili hazilingani nayo. Kelele hiyo ni afadhali. Hatari ya kimya ni kubaki kwenye 13 na kubadilisha Debian iliyo chini yake. Bullseye (Debian 11) ina glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, 2.31; Bookworm (Debian 12) ina 2.36, na glibc ndiyo huamua mpangilio wa herufi. Fahirisi za maandishi zilizopangwa kwa mpangilio wa zamani zinaweza kuanza kukosa mistari iliyopo. PostgreSQL 15 na kuendelea huonya kuhusu mpangilio wa hifadhidata nzima. 13 hainyanyui mdomo. Kurudisha kutoka kwenye dump huzijenga fahirisi upya, na tatizo huisha hapo.

Dockerfile mpya:

```
FROM python:3.12-slim-bookworm@sha256:<alama> AS jenzi
COPY requirements.txt /kazi/
RUN python -m venv /opt/venv \
 && /opt/venv/bin/pip install --no-cache-dir \
    --require-hashes -r /kazi/requirements.txt

FROM python:3.12-slim-bookworm@sha256:<alama>
RUN useradd --uid 10001 --no-create-home \
    --shell /usr/sbin/nologin mhudumu
COPY --from=jenzi /opt/venv /opt/venv
COPY amu/ /srv/amu/
WORKDIR /srv
USER 10001
CMD ["/opt/venv/bin/gunicorn", "amu.wsgi", "-b", "0.0.0.0:8000", \
     "--worker-tmp-dir", "/dev/shm"]
```

Hakuna `COPY .` tena, kinachoingia kinatajwa kwa jina. Hata hivyo `.dockerignore` iliandikwa, yenye `.git`, `.env*` na `*.sql`, kwa siku ambayo mtu atairudisha ile nukta. Mahitaji yanatangulia, msimbo unafuata: msimbo ukibadilika, tabaka la maktaba halijengwi upya wala kusukumwa upya. Kwa mtu aliyeko Amu anayetumia bando la simu, hiyo ni tofauti ya kusukuma MB chache au mamia. Siri sasa zinaingia wakati wa kuwaka, kama faili chini ya `/run/secrets`. Imeji ya postgres husoma `POSTGRES_PASSWORD_FILE` moja kwa moja. Programu imepewa mtumiaji wake wa hifadhidata asiye na mamlaka makuu, kwa sababu yule anayeundwa na `POSTGRES_USER` huwa na mamlaka yote, na bila mamlaka hayo `COPY FROM PROGRAM` isingekubali.

Kwenye Compose, kontena la wavuti liliongezewa `read_only: true`, `tmpfs: /tmp`, `cap_drop: ALL`, `no-new-privileges:true`, na kikomo cha prosesa na memori, ili lisiweze kuandika kwenye faili zake wala kujiongezea mamlaka.

Mambo matatu yalivunjika siku ya kwanza. Python 3.12 imeondoa `distutils`, na maktaba moja ya zamani ya kutengeneza risiti ikakataa kuwaka kwa `No module named 'distutils'`; ilibadilishwa. Kupakia picha kukatoa "Permission denied", kwa sababu voliumu ya picha ilikuwa mali ya root na programu sasa ni 10001. `chown -R 10001`, amri ya kubadilisha mwenye faili, mara moja ikamaliza. La tatu halikuwa la msimbo: jaribio la kujenga kwenye kompyuta ya ofisini likarudisha 429, kosa la maombi kuzidi kikomo. Docker Hub huwawekea kikomo wasioingia na akaunti, tangu Novemba 2020, na huwahesabu kwa anwani ya mtandao. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya umma, kwa hiyo unalipia kuvuta kwa watu usiowajua. `docker login` ilitosha. Baadaye ujenzi wote ulihamishiwa kwenye mashine ya mbali, nayo stima ikikatika Amu, kazi haikatiki.

Ratiba ya sasa

Kufunga imeji ya msingi kwa alama ya sha256, inayotambulisha imeji hiyo hasa, kunazuia lebo isibadilike chini ya miguu yako, lakini ukiishia hapo umejigandisha mwenyewe. Utarudi palepale pa Buster. Ndiyo maana Renovate, roboti ya kufuatilia matoleo mapya, inaangalia alama hiyo na mahitaji ya Python, na kila Jumanne asubuhi huleta pendekezo la kubadilisha. Likipita majaribio, linajengwa kwa `--pull --no-cache` na kuwekwa kwenye seva siku hiyohiyo. Wiki ya Maulidi na wiki mbili za mwisho za Desemba hazina mabadiliko isipokuwa ya dharura.

Skana sasa haina `-q`, huchunguza vifurushi vyote vya imeji zote tatu, na imepewa `--exit-on-eol 1`, kwa hiyo mfumo uliokwisha muda huvunja ujenzi. Kila imeji inapojengwa hutoa pia orodha ya viungo vyake kwa muundo wa CycloneDX. Faili hiyo ni ndogo, na fundi akiwa na simu tu anaweza kuipitisha kwenye `trivy sbom` bila kuvuta imeji. Udhaifu ukitangazwa usiku, jibu la "tunacho au hatunacho" linapatikana kabla ya alfajiri.

Mistari iliyosalia inaandikwa kwenye `.trivyignore` ikiwa na sababu na tarehe ya kuisha. Wa kwanza kuandikwa ni CVE-2023-45853, unaotokea kwenye karibu kila imeji ya Bookworm ukiwa na alama 9.8 na neno CRITICAL kwa rangi nyekundu. Udhaifu wenyewe umo kwenye MiniZip, kipande cha msimbo wa zlib ambacho Debian haikijengi kwenye kifurushi cha Bookworm. Hakimo ndani ya imeji. Mstari unasema hivyo kwa Kiswahili, na mbele yake uliwekewa `exp:2025-12-01`. Siku ya namna hiyo ikifika Trivy huanza kuuonyesha tena, na mtu hulazimika kuuthibitisha upya.